Simu ya Mama Agnesi Imejaa Nini?

Valeria alikuwa uani kwake Mpui, akipura maharage. Jua lilikuwa limetoka, lakini baridi ya Ufipa ilikuwa bado haijaondoka. Alivaa sweta la mume wake juu ya gauni. Juu ya sweta alijifunga kitenge. Alinyanyua fimbo, akapiga. Maganda yakaruka, maharage ya njano yakatawanyika kwenye turubai.

Simu yake ilikuwa juu ya kigoda. Alipiga fimbo, akaitazama simu. Akapiga tena, akaitazama tena. Maharage hayakuwa na makosa, ila mawazo yake yalikuwa Kasanga, kule ziwani. Ndiko alikoolewa binti yake Agnesi. Agnesi alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimetimia.

Simu ikaita. Valeria akaitupa fimbo.

"Shikamoo, mama!" Ilikuwa sauti ya Abeli, mkwe wake.

"Marahaba, baba. Niambie upesi!"

"Agnesi amejifungua salama. Mtoto wa kike. Wote wawili wazima kabisa."

Valeria alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba. Mume wake, Tadei, akatoka zizini mbio akiwa na ndoo mkononi.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Nyoka gani, Baba Agnesi! Umekuwa babu!"

Tadei akaweka ndoo chini. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, bado upo?" Abeli aliuliza kwenye simu. "Mtoto tumempa jina la bibi. Anaitwa Fransiska."

Valeria akakaa juu ya turubai, katikati ya maharage. Fransiska lilikuwa jina la mama yake mzazi. Bibi huyo alifariki wakati wa mvua zilizopita. Valeria alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Asanteni, wanangu. Hebu nitumieni picha yake nimwone."

"Natuma sasa hivi, mama."

Picha ilifika, lakini haikufunguka. Ilikuwa na ukungu mzito. Katikati kulikuwa na kitu cha mviringo chenye rangi ya udongo. Tadei aliinama, akaitazama kwa makini.

"Huyu ndiye mjukuu? Mbona kama kiazi?"

"Nyamaza wewe! Picha haijafunguka."

Valeria aligusa picha ile kwa kidole. Maneno yakatokea: nafasi ya kuhifadhi imejaa. Akagusa tena. Maneno yaleyale.

"Imejaa nini?" aliuliza. "Mimi sipigi hata picha nyingi."

"Basi punguza zilizomo," Tadei alisema.

Valeria hakutaka kusubiri. Alifungua mahali pa picha. Kulikuwa na picha za sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chao cha kanisa, picha za mahindi yaliyoliwa na viwavi, picha za viatu ambavyo shemeji yake alitaka kumuuzia. Hakuchagua. Alizitia alama zote, akabonyeza *futa*. Picha zikatoweka. Kioo kikabaki cheupe kama unga.

"Haya sasa," alisema. "Njoo, Fransiska wangu."

Akagusa picha ya mtoto. Simu ikajibu vilevile: nafasi imejaa.

"Inajaa vipi, na haina kitu?" Valeria alishangaa. "Gunia limemwagwa lote, bado wanasema limejaa!"

Kabla Tadei hajajibu, simu iliita tena. Safari hii alikuwa Agnesi mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini ilikuwa na furaha.

"Mama, nina ombi. Una ile video ya bibi akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Nitumie. Nataka mtoto huyu alale kwa sauti ya bibi aliyempa jina."

Video ile ilikuwa humohumo, pamoja na viatu na viwavi. Na Valeria alikuwa amefuta vyote.

"Sawa, mwanangu," alijibu polepole. "Pumzika kwanza. Nitakutumia."

Alipokata simu, aliiweka mapajani. Video ile alimrekodi mama yake akiwa barazani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amempakata mtoto wa jirani. Alimpigapiga mgongoni taratibu, huku akiimba kwa Kifipa. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Lakini sauti ya mama yake haikuwepo mahali pengine popote duniani.

"Nimemfuta mama, Baba Agnesi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimemfuta kwa mkono wangu."

Tadei alichuchumaa kando yake. "Vaa viatu," alisema. "Twende sokoni kwa fundi. Huenda ana njia."

Fundi Wilibrodi alikuwa na meza ndogo pembeni mwa soko. Siku hiyo watu walimzunguka. Huyu kioo kimepasuka, yule simu haiingizi chaji. Wilibrodi aliichukua simu ya Valeria, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Hii huenda imeingiwa na virusi, mama. Nikiifuta yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Itakuwa nyepesi kabisa."

"Na vitu vilivyokuwemo?"

"Hivyo vinaondoka vyote. Ndiyo dawa yake."

"Kuna video ya marehemu mama yangu. Nimeifuta kwa bahati mbaya."

"Ikishafutwa, imefutwa," Wilibrodi alisema, huku akiwa tayari anampokea mteja mwingine. "Niendelee?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Valeria alinyoosha mkono, akaichukua simu yake.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nikafikirie."

Walishika njia ya kurudi nyumbani. Walipofika karibu na barabara kuu, Tadei alisimama mbele ya duka dogo lenye mlango wa bluu. Ilikuwa steshenari ya Kabula. Kabula alitoa kopi, alichapa barua, na alisafisha picha za pasipoti. Wazazi wake walihamia Ufipa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga alipokuwa mdogo. Nyumba yao ilipakana na shamba la Valeria.

"Kabula anashinda na picha kutwa nzima," Tadei alisema. "Tumuulize na yeye."

"Mwangaluka!" Tadei alisalimia kwa Kisukuma, akijitahidi.

"Mwangaluka, baba! Leo umeitamka vizuri." Kabula alicheka. Kisha akamwona Valeria. "Shikamoo, mama. Mbona macho mekundu? Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba, kuna mtoto. Agnesi amejifungua."

"Sasa mbona unalia?"

Valeria alimweleza yote: picha yenye ukungu, picha alizofuta, video ya mama yake, na simu inayosema imejaa wakati haina kitu. Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Baada ya kufuta, kuna mtu aligusa kitu kingine?"

"Hapana. Fundi alitaka kuifuta yote, nikamnyang'anya."

"Ulifanya vema. Wilibrodi ni fundi mzuri wa vioo na chaji, mimi mwenyewe humpelekea yangu. Lakini kufuta simu yote ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza tutazame simu yenyewe inasema nafasi yake inaliwa na nini."

Aliwavutia kiti. Akamwachia Valeria simu mkononi.

"Shika wewe, mama. Nitakuelekeza. Fungua Mipangilio. Shuka chini taratibu. Umeona neno Hifadhi? Hapo."

Kioo kilionesha mstari mrefu wenye rangi. Karibu mstari wote ulikuwa na rangi moja.

"Rangi hii ni nini?" Kabula aliuliza.

Valeria alisoma herufi kwa herufi. "Picha na video. Lakini si nimezifuta!"

"Mama, ukifagia nyumba, takataka unazipeleka wapi?"

"Shimoni."

"Na shimo liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Kwa hiyo nyumba ni safi, lakini takataka bado ziko kwenye kiwanja chako. Simu nayo ina shimo lake. Simu nyingi huliita Tupio. Ukifuta picha, haiendi mbali. Inakwenda kukaa Tupioni, karibu mwezi mzima, nyingine hata zaidi. Muda huo wote inaendelea kula nafasi yako. Muda ukiisha, simu inaifuta yenyewe, na hapo hairudi tena."

Valeria alimtazama bila kupepesa.

"Unasema... bado zimo?"

"Tuangalie. Rudi kwenye picha. Gusa hapa. Sasa tafuta Tupio."

Valeria aligusa. Kioo kikajaa picha. Viatu vya shemeji, viwavi, maandamano ya sikukuu, vyote vilikuwa vimepangana kama watu waliojificha mvua. Akasogeza kwa kidole. Akasogeza tena. Ghafla akaacha. Palikuwa na mkeka, na kilemba cheupe, na uso mdogo wa mama yake.

"Huyu hapa!" alipiga kelele. "Mama huyu hapa!"

"Taratibu!" Kabula alimshika mkono. "Ukiangalia hapa, kuna vitufe viwili. Kimoja kinasema futa kabisa. Hicho ni shimo lisilo na mwisho. Kingine kinasema rejesha. Kisome kwanza, ndipo uguse."

Valeria alisoma kwa sauti. "Re-je-sha." Akagusa. Video ikatoka Tupioni, ikarudi mahali pake.

"Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hukosea," Kabula alisema. "Wanaendelea kufutafuta kabla hawajaweka akiba. Wewe mbegu zako za maharage unaziweka mahali pamoja?"

"Thubutu! Panya wakiingia je? Nyingine kwenye debe, nyingine kwa dada yangu."

"Basi na sauti ya mama yako usiiweke mahali pamoja."

Kabula aliunganisha simu na kompyuta kwa waya. Akanakili video, kisha akaiweka pia kwenye flashi ndogo. Hakutosheka hapo. Aliifungua video kutoka kwenye flashi, kuhakikisha kwamba inacheza.

Sauti ya Bibi Fransiska ikajaa duka. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kutoa kopi alisimama mlangoni, akavua kofia. Wimbo ulipokwisha, Valeria alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Wimbo huo nililelewa nao," mzee alisema. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, akasahau kutoa makaratasi yake.

"Sasa tupunguze mzigo," Kabula alisema. "Tuanze na vizito. Mama, hiki kipande cheusi ni nini? Ni video ndefu kuliko zote."

"Hicho nilikuwa nakiona, nikadhani ni picha iliyoharibika."

"Usifute usichokijua. Kifungue."

Video ilikuwa nyeusi tupu. Kulisikika mbuzi, pikipiki, na watu wengi wakiongea. Kisha ikasikika sauti moja kubwa.

"Evaristi! Mwambie mchoma nyama aongeze hapo ubavuni! Na pilipili!"

Valeria aligeuka polepole. Tadei alikuwa anatazama nje, kama mtu anayesubiri mvua.

"Baba Agnesi. Hii si siku ile ulipoazima simu yangu kwenda mnadani?"

"Huenda ikawa ndiyo."

"Siku uliyorudi ukaniambia hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi?"

"Nilionja tu kidogo."

"Aa, ongeza na figo!" ilisema simu.

Kabula aliinama nyuma ya meza, mabega yakimtikisika. Mzee kwenye benchi alikohoa kicheko.

"Na mimi nikakuchinjia jogoo!" Valeria alisema.

"Na jogoo alikuwa mtamu, mke wangu," Tadei alijibu kwa unyenyekevu. "Kabula, mwanangu, nakuomba. Futa hiyo. Futa kabisa!"

Kabula alipopata pumzi, alieleza. "Kamera iliguswa mfukoni, ikarekodi mchana mzima. Video moja ndefu kama hii inaweza kula nafasi ya mamia ya picha. Mama, unairuhusu iende?"

Valeria alifikiri. "Iende. Nimeshaisikia."

Walipitia Tupio lote. Picha chache za sikukuu walizirejesha. Zilizobaki Valeria alizifuta kabisa kwa kidole chake. Mstari wa rangi ukapungua. Lakini Kabula hakuridhika.

"Umo kwenye makundi mangapi ya Wasapu?"

"Kwaya, ukoo, wakulima, kamati ya harusi ya Angela..."

"Harusi ya Angela si ilishapita?"

"Ilipita. Lakini kundi bado lipo. Kila asubuhi wanatuma maua."

"Maua hayo, mama, yanaingia simuni yenyewe. Wewe umelala, simu inayapokea na kuyahifadhi. Na bando lako linakwenda hukohuko. Yakitumwa na watu kumi, unayo mara kumi. Hata video unayoituma wewe kwa mwenzako mara nyingi inaacha nakala yake ndani."

Alimwonesha ndani ya Wasapu mahali panapoonesha ni kundi gani limebeba mzigo mkubwa. Kundi la harusi ya Angela lilikuwa la kwanza. Valeria alichagua video zake, akatazama kila moja kwa ufupi, akafuta. Kisha Kabula alimwelekeza kwenye mipangilio ya Wasapu, pale panapohusu picha kujipakua zenyewe. Wakazima.

"Kuanzia leo, picha ikija utaiona ina ukungu. Ukiitaka, iguse ifunguke. Usipoitaka, iache. Wewe ndiye mwenye mlango."

"Na ule unaoitwa usafi wa simu?" Tadei aliuliza. "Nilitumiwa kiungo. Wanasema ukibonyeza, simu inajisafisha yenyewe."

"Usibonyeze, baba. Viungo vya namna hiyo vingine ni mlango wa wezi. Usafi wote tulioufanya leo tumeufanya kwa vitu vilivyokuwemo simuni."

Valeria alirudi kwenye picha ya mjukuu. Akashusha pumzi, akaigusa. Ukungu ukaondoka.

Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kitenge cha kijani. Ngumi moja ilikuwa shavuni. Alikuwa amekunja uso, na mdomo ameubana, kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

Tadei alishtuka, akarudi nyuma. "Huyu si kiazi! Huyu ni mama mkwe wangu mtupu! Hivyo hivyo ndivyo alivyonitazama nilipokwenda kuchumbia!"

Duka zima likacheka. Valeria aliituma video ya wimbo Kasanga. Walisubiri. Baada ya muda ukaja ujumbe wa sauti. Kwanza kilisikika kilio cha mtoto, kikali. Kisha nyuma yake ukasikika wimbo. Kilio kikapungua, kikakatika. Kisha Agnesi akanong'ona:

"Mama, amenyamaza. Anasikiliza."

Toka siku hiyo Valeria alijiwekea desturi. Jumapili baada ya misa huketi barazani na simu yake. Hutazama mstari wa rangi. Hufuta asichokihitaji, kisha hukumbuka kufungua Tupio, akahakikisha hakuna chake cha thamani, ndipo hulimwaga. Picha anazozipenda humpelekea Kabula akazinakili, na mbili amezichapa akazitundika ukutani. Hajaambiwa tena kwamba nafasi imejaa.

Mavuno yalipokwisha, yeye na Tadei walifunga safari kwenda kumwona mjukuu. Walibeba debe la maharage na unga wa ulezi. Gari lilipoteremka kuelekea ziwani, joto likaanza. Valeria alivua kitenge, akavua na sweta. Alikuwa na furaha, lakini pia alikuwa na wasiwasi. Mama yake Abeli alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke wa maneno machache. Siku ya harusi walisalimiana tu, basi.

Walipokelewa vizuri. Walikula migebuka, samaki wa ziwani, kwa ugali. Mtoto alikuwa amelala mapajani kwa bibi yake wa Kasanga. Baada ya chakula, mazungumzo yalikwisha. Akina mama wawili walikaa mkekani, kila mmoja akitafuta la kusema.

Mwishowe Mama Abeli akachukua simu yake, akasonya.

"Nilitaka kuwapiga picha na mjukuu. Linasema limejaa. Kila siku nafuta, kila siku limejaa. Nimechoka nalo."

Valeria alijisogeza karibu. "Mkwe wangu, hebu fungua Tupio."

"Fungua nini?"

"Lete. Shika mwenyewe, nikuelekeze."

Walifungua pamoja. Halafu wakafungua na mahali pa picha. Valeria alisogeza kwa kidole, akasogeza, akasogeza. Zote zilikuwa za mtoto. Mtoto amelala kwa ubavu huu. Mtoto amelala kwa ubavu ule. Kisigino cha mtoto. Sikio la mtoto, limetoka na ukungu. Mama Abeli aliona haya, akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kila nikimtazama napiga," alisema. "Siwezi kujizuia."

Valeria alianza kucheka. Mama Abeli naye akaanza, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka mabega yao yakagongana.

"Tuchague nzuri, tuziweke akiba," Valeria alisema alipoweza kusema. "Hizi nyingine tufute, mkwe. Mwenyewe si tunaye hapa?"

Kicheko kikamwamsha mtoto. Fransiska alifumbua macho, akakunja uso, akawatazama bibi zake wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama Abeli akaiweka simu chini, akamnyanyua mtoto, akamkabidhi Valeria.